Zagorka na Machicha ya Vukoman

Kijijini Zvonka watu husema mvua hutangazwa na mbayuwayu, na Zagorka hutangazwa na ndoo. Ukiona mwanamke anainua ndoo yake ya maji ya sabuni haraka haraka na kurudi nayo uani, kana kwamba amekumbuka kitu jikoni, basi jua Zagorka anapanda na kijia cha mtoni. Viatu vyake vya mpira utavisikia kabla hujamwona. Mkononi amevaa kitambaa cha kijani chenye picha ya samaki, kitambaa alichokishona upya mara nyingi mpaka samaki mwenyewe sasa anafanana na kijiko.

Yeye ni mlinzi wa mto. Chama cha wavuvi wa ndoana ndicho kinachomlipa, na serikali ndiyo iliyompa mamlaka ya kuandika watu. Alizaliwa juu ya mto uleule wa Zvonka, uliokipa kijiji jina lake, katika kinu cha maji cha baba yake, na utotoni alilala kwa mlio wa gurudumu. Baadaye kinu kilikufa, naye akaenda kushona soksi kiwandani mjini. Kiwanda nacho kilipofungwa, wenzake walipanda basi kwenda Austria kutunza wazee wa watu. Zagorka akafanya mtihani wa ulinzi wa samaki, akafaulu, akarudi mtoni kwake kama mtu aliyetumwa dukani akachelewa kidogo njiani.

Kiangazi chake cha kwanza kazini, mtu wa kwanza kuandikwa alikuwa mama mkwe wake.

Wanawake wa Zvonka wamefulia mazulia mtoni tangu enzi za bibi zao. Siku ile Mama Stamena alikuwa amesimama majini hadi magotini, sketi ameikunja kiunoni, anasugua zulia jekundu la sebuleni, na povu linateremka na mkondo kama kundi la kondoo.

"Mama, toa zulia majini," alisema Zagorka.

"Nilitoe nilipeleke wapi? Mto huu umefua nguo za arusi yangu."

"Ulifua kwa majivu. Hiyo ni sabuni ya unga."

"Na wewe u mke wa mwanangu au u serikali?"

"Saa za kazi ni serikali. Jioni nitakuwa mke wa mwanao na nitakupikia supu."

"Supu ya serikali sili!"

Akaandikwa. Hakimu akampa onyo, kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza na umri wake mkubwa. Mwaka mzima Mama Stamena alimtambulisha mkwewe kwa wageni hivi: "Huyu ndiye Zagorka wetu, aliyenitia uhalifuni nikiwa na wajukuu." Lakini zulia hakulirudisha mtoni tena. Na akimwona jirani yeyote anateremka na zulia begani, humwita kutoka dirishani: "We! Mimi nimepewa onyo, wewe unajiona nani usipewe?" Kwa hiyo Zagorka akapata msaidizi asiyelipwa, mwenye macho makali kuliko yake.

Hapo ndipo Zagorka alipojifunza jambo ambalo hakulisoma kwenye mtihani. Adhabu ya kosa dogo haina haja ya kuwa nzito, ila lazima ifike. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na yeye kazi yake ilikuwa kuziba nyufa. Hakuwahi kukosa usingizi kwa kumwandika mtu. "Mimi simwandiki mtu," alizoea kusema, "namwandika mto. Mtu anaingia tu kwa sababu amesimama karibu."

Sasa sikilizeni yaliyotokea msimu ule wa plamu.

Plamu zilizaa mpaka matawi yakavunjika. Kila nyumba ilijaza mapipa, plamu zikachacha humo mapipani zikinung'unika kama wazee, na zilipokuwa tayari, foleni ikaanza kwa Vukoman. Vukoman ndiye mwenye mtambo wa kukenekea rakia, ile pombe kali ya plamu. Ni sufuria kubwa ya shaba aliyoirithi kwa babu yake, tumbo kama la padri mnene, na bomba linalopita kwenye pipa la maji baridi. Vuli ya Zvonka hukaa hapo. Watu huleta mapipa kwa zamu, huchoma mafuta ya nguruwe kwenye makaa, hufukia viazi majivuni, na hutaniana hadi tone la mwisho lidondoke. Hakuna anayepita njia ile bila kupewa glasi. Kupita bila kunywa ni tusi.

Kinachobaki sufuriani ni machicha: ya moto, mazito, machachu. Zamani nguruwe walipata sehemu yao, na yaliyobaki yalipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe yakaenda kumwagwa mbali shambani. Siku hizi ng'ombe wameuzwa, mikokoteni imegeuzwa mapambo ya maua, na mto uko palepale chini ya banda. Mwaka uliotangulia Vukoman alitega bomba la plastiki chini ya upupu, likamwaga machicha moja kwa moja mtoni. Zagorka aliligundua, Vukoman akapewa onyo, akaling'oa mbele ya macho yake na kuapa kwa ubani.

Lakini asubuhi moja ya msimu huu Zagorka alifika kwenye lindi, lile shimo la maji matulivu chini ya kinu cha baba yake, akanusa siki. Trauti, samaki wa mto ule, walikuwa wameelea ubavu, vinywa wazi. Machicha yakiingia majini hula pumzi ya maji, na samaki hufa kama mtu aliyefungiwa kabatini. Kilichomuuma zaidi si wale waliokufa. Ni kwamba trauti wakubwa wa chini walikuwa karibu kupanda juu kutaga mayai kwenye changarawe ya lindi lile. Wakikuta siki, hawatataga. Na wasipotaga vuli hii, mto utabaki maji matupu yanayoteremka.

Alifuata harufu akapanda hadi upupuni. Bomba lilikuwa limerudi, safari hii limefukiwa, likichungulia kama panya.

Akarudi kwenye lindi kuchukua sampuli ya maji. Ofisi ya mjini ilikuwa imemwahidi chupa za kioo zenye mhuri. Ahadi ilifika, chupa hazikufika. Mkobani alikuwa na chupa ya plastiki ya maji ya madini. Kule Zvonka chupa ile ndiyo ghala la kila nyumba. Humo watu huweka rakia, siki, mafuta ya kupikia, petroli ya msumeno, na hakuna anayeandika kitu juu yake, kwa sababu kila mtu anazijua chupa zake. Zagorka aliijaza, akaifunga kwa nguvu. Maji yalikuwa na rangi kidogo, kama chai iliyozidishiwa maji. Ili isichanganyike na nyingine, akaifunga uzi mwekundu shingoni. Uzi mwekundu hakuutafuta. Kila mwanamke wa Zvonka anao mfukoni, maana ndio hufungwa mtoto mchanga na ndama mpya wasipigwe na jicho baya.

Kisha akaenda bandani kwa Vukoman.

"Bibi arusi wangu!" aliita Vukoman. Nywele za Zagorka zilikuwa zimeshaanza mvi, lakini Vukoman ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa yake, na kwao msimamizi ni mkubwa kuliko ndugu wa tumbo moja. "Kaa. Glasi yako hii, ya moto moto."

"Nikikaa nitakunywa, na nikinywa sitaandika. Nimesimama, msimamizi."

Waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Kiazi kimoja kikapasuka majivuni.

"Utaniandika mimi? Mimi niliyekushikia mshumaa kanisani?"

"Ulinishikia mshumaa, Mungu akulipe. Bomba je, nani alikushikia ukilifukia?"

"Bomba lipi?"

"Lile linalotapika."

Mtu mmoja benchini akacheka, akajidai anakohoa.

"Zagorka, mwanamke wewe," alisema Vukoman kwa sauti ya kubembeleza, "samaki huzaliwa wengine. Sufuria hii haizaliwi nyingine. Nilishapewa onyo. Safari hii mahakama itaichukua. Unataka waikate waifanye nyaya za umeme?"

"Mimi sitaki sufuria yako. Nataka machicha yako yakae mbali na mto."

"Basi nitayameza!"

"Hilo sheria haikatazi."

Benchi zima likaangua kicheko, na Vukoman mwenyewe akacheka bila kupenda. Lakini Zagorka aliandika.

Nyumbani habari ilikwishafika kabla yake. Mama Stamena alikuwa anasafisha mchele wa wageni, kwa sababu kesho kutwa ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao, na siku hiyo mgeni wa kwanza mezani, anayekata mkate pamoja na mwenye nyumba, ni msimamizi.

"Umemwandika," alisema Mama Stamena.

"Nimemwandika."

"Kesho kutwa atakaa pale." Akaonyesha kiti cha kichwa cha meza.

"Akae. Nitampa paja la nguruwe lililo kubwa."

"Mwanangu Obren yuko barabarani na lori, hajui hata anarudi kwenye vita gani." Akapembua punje mbili tatu. "Mto unanuka kweli?"

"Unanuka, mama."

"Basi umefanya vizuri. Lakini nisikusikie ukisema kuwa nimesema."

Zagorka akaiweka sampuli kwenye sakafu ya stoo ambako ni baridi, akalala vizuri.

Alfajiri Mama Stamena aliamka mapema kukanda mkate wa sikukuu. Mkate ule haukandwi hivi hivi. Lazima udondoshewe maji ya baraka, yale yaliyobarikiwa kanisani Januari, siku ya Ubatizo wa Bwana, ambayo kila nyumba huyaweka mwaka mzima kando ya picha ya mtakatifu. Zagorka aliposhuka, bibi kizee alikuwa na unga hadi viwikoni, na juu ya meza ilisimama chupa yenye uzi mwekundu shingoni.

"Umeniandalia, mama? Asante," alisema Zagorka, akaitia chupa mkobani, akakimbilia basi la mjini. Mama Stamena hakusikia. Alikuwa anamwimbia mtakatifu wake.

Sikukuu ikafika. Vukoman alikuja na suti yake nyeusi, mkononi amebeba chupa ya rakia kama kawaida, akambusu Zagorka mashavuni mara tatu kama kawaida, akakaa kiti chake. Obren, aliyefika usiku ule akinuka dizeli, aliwatazama wote wawili kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa motoni.

"Mpe mshtakiwa supu," alisema Vukoman.

"Mshtakiwa aanze na kachumbari," alijibu Zagorka, akampakulia.

Kabla ya kukata mkate, Mama Stamena alipita na kishada cha mrihani, akakichovya kwenye maji ya baraka na kuwanyunyizia wote. Tone nono likampata Vukoman puani.

"Mama Stamena," alisema akijifuta, "haya maji yananuka kama sufuria yangu."

"Hizo ni dhambi zako zinanuka, zimeguswa na baraka. Inama tena!"

Akanyunyiziwa mara ya pili, meza nzima ikacheka, mkate ukakatwa. Lakini siku zilizofuata Mama Stamena aliacha kucheka. Kila asubuhi, kabla ya kula kitu, yeye hunywa kijiko kimoja cha maji ya baraka, na kila asubuhi alikunja uso. "Yamechacha," alimwambia Zagorka. "Tangu nizaliwe sijaona. Dunia imeharibika mpaka baraka zinachacha." Akaendelea kuyanywa, kwa kuwa mtu hachagui baraka kwa ladha.

Kesi ilipangwa upesi, kabla msimu haujaisha. Mahakama ya makosa madogo ilikuwa ghorofani juu ya duka la viatu, chumba kidogo chenye jiko la umeme na dirisha lisilofunga vizuri. Humo hupita wenye mbwa wasiofungwa, waliochoma mabua shambani, waliotupa friji korongoni. Hakimu alikuwa mwanamama mwenye mafua, leso mkononi, aliyekwisha sikia kila kisingizio chini ya mbingu.

Mama Stamena alisisitiza kwenda. Alikaa nyuma, mkoba mkubwa mapajani, midomo ikimcheza kwa sala.

Vukoman alikana. Bomba, alisema, lilikuwa la maji ya mvua. Samaki walikufa kwa uzee. Zagorka akaeleza alichokiona, bila kupandisha sauti, akimtazama hakimu machoni. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Maji yenyewe yangesema.

"Sasa majibu ya maabara," alisema hakimu. Akasoma kimya, akapiga chafya, akasoma tena. "Ajabu. Bibi Zagorka, haya maji ni safi. Hayana siki, hayana machicha. Wanasema yanafaa kunywewa."

Vukoman akanyoosha mgongo. "Si niliwaambia? Mvua!"

Zagorka aliduwaa. Akafikiri kesi ikianguka hapa, kesho kila mwenye sufuria bondeni atatega bomba, na trauti wako njiani wanapanda.

"Wanasema pia," hakimu aliendelea, "kuna mabaki ya jani. Mrihani. Mtoni kwenu kunaota mrihani?"

Mrihani! Mama Stamena huweka shada lake ndani ya chupa ya baraka tangu Januari hadi maji yanapata rangi. Mara Zagorka akaiona ile asubuhi yote: meza, unga, chupa yenye uzi mwekundu. Na zile nyuso za kukunja kila alfajiri, na pua ya Vukoman.

Angeweza kunyamaza akaomba siku nyingine. Badala yake akasimama.

"Mheshimiwa, hayo si maji ya mto. Hayo ni maji ya baraka ya mama mkwe wangu. Nilichukua chupa isiyo yenyewe. Chupa zote mbili zilikuwa na uzi mwekundu, mama naye huifunga yake isipigwe na jicho baya."

Karani alicheka mpaka akaangusha kalamu. Hakimu alijificha nyuma ya leso, na haikujulikana kama ni mafua.

"Na ya mto iko wapi?"

Kutoka nyuma ikapanda sauti.

"Uwiii! Nimeinywa!" Mama Stamena alikuwa amesimama. "Niliikuta sakafuni stoo, nikasema ni mtoto gani wa shetani ameweka baraka chini kama viazi, nikaiinua nikaipeleka kwa mtakatifu. Kila asubuhi nimekunywa, Vukoman! Nimepiga ishara ya msalaba, nikameza machicha yako!"

"Mama, kaa chini," alisema hakimu.

"Sikai! Iko hapa." Akafungua mkoba, akatoa chupa, nusu imebaki, uzi mwekundu shingoni. Alikuwa ameileta amnyunyizie mkwewe kwa siri apate bahati. Akapita katikati ya viti, akaiweka mezani mbele ya Vukoman, pa!

Hakimu akatikisa kichwa. "Samahani. Chupa imefunguliwa, imenywewa, imekaa nje ya mikono ya ofisi. Siwezi kuipokea kama ushahidi. Kisheria ni kama haipo. Na bila sampuli, nina neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine."

Vukoman alikuwa amepona. Kila mtu mle ndani alijua, naye alijua zaidi.

"Sheria haiitaki, sawa," alisema Mama Stamena, sasa kwa sauti ya chini. "Basi ni maji tu. Na msimamizi wetu anasema yanayokwenda mtoni ni maji ya mvua. Anywe. Mimi kikongwe nimekunywa, yeye mwanamume na nguvu zake ashindwe?"

Zagorka alimsogezea chupa kidogo, kwa kidole kimoja.

Vukoman akafungua kifuniko. Harufu ikatoka, ile harufu yake mwenyewe ya bandani, ikajaa chumba kizima juu ya duka la viatu. Akakifunga. Akakaa akitazama uzi mwekundu.

"Ile nyingine," alisema taratibu, "iliyokwenda maabara. Ni ya Januari hii?"

"Ya Januari hii," alijibu Zagorka.

"Ya kanisani kwetu."

"Unauliza nini, msimamizi? Nani huchota pipani siku ile na kumjazia kila mtu chupa yake?"

Vukoman ndiye huchota. Baba yake alichota kabla yake. Husimama kwenye theluji tangu alfajiri na kata mkononi, huwaambia bibi vizee wasisukumane, na chupa ya Mama Stamena huijaza ya kwanza, hadi shingoni, kwa sababu ni nyumba ambayo ndoa yake aliisimamia yeye.

"Nisafishwe kwa maji yale?" alisema. "Nitoke hapa niseme nimeshinda kesi, na aliyenishindia ni Mungu kwa kudanganywa chupa?" Akamgeukia Zagorka. "Laiti ungekosea na chupa ya petroli!"

"Tungelipuka wote, karani hupokea chupa na sigara mdomoni."

Vukoman akacheka, kicheko kifupi cha puani, akasimama. "Mheshimiwa, andika. Bomba ni langu. Nililifukia mimi, kwa koleo langu, na nilijua ninachofanya. Sufuria ikienda, iende. Nikikana, yule mama nitamtazamaje usoni Januari ikifika?"

Hakimu akaweka leso chini. Mtu anayekiri mwenyewe, wakati angeweza kutoka mlangoni akipiga mluzi, hakuwa amezoea kumwona. Akamuuliza Zagorka, kama mlinzi wa mto huo, anataka nini.

"Sufuria ibaki," alisema Zagorka bila kufikiri mara mbili, maana alikwishafikiri tangu siku ya upupu. "Ikichukuliwa, watu watakeneka kila mtu nyuma ya nyumba yake, nami nitatafuta mabomba ishirini badala ya moja. Achimbe shimo kubwa, juu, mbali na mto, machicha yaende humo na chokaa. Alichimbe yeye, si mtu wa kumlipa. Na bomba alete hapa."

Hukumu ikafuata mstari huo. Faini ndogo, kazi ya manufaa ya umma ambayo ndiyo lile shimo, na kazi nyingine masika kubeba vifaranga vya trauti mgongoni hadi juu kwenye vijito. Sufuria ibaki, na mlinzi wa mto aikague kila wiki ya msimu.

"Kila wiki!" alilalamika Vukoman wakishuka ngazi. "Nitakuwa nakuona kuliko mke wangu."

"Mke wako ameshaniomba nije mara mbili," alisema Zagorka.

Vukoman alilichimba shimo. Udongo wa Zvonka ni mawe matupu, na watu walileta mapipa yao kwa zamu, wakakaa benchini na viazi vyao, wakawa wanamhesabia kila koleo la udongo kwa sauti hadi akawatupia koleo. "Plamu ni zenu au zangu? Machicha ni ya nani?" Wakaona aibu wakaingia shimoni, wa kwanza akiwa yule aliyejidai kukohoa. Siku hizi ni desturi kabisa: anayekeneka kwa Vukoman husukuma machicha yake mwenyewe kwa toroli hadi shimoni, humwagia chokaa, ndipo hupewa glasi ya kwanza. Ukiuliza ilianza lini, watakwambia imekuwapo tangu zamani.

Desemba, theluji ya kwanza ilipolainika, Zagorka alikwenda kwenye lindi la baba yake akalala kifudifudi juu ya ubao wa kinu kama alivyofanya utotoni. Maji hayakunuka kitu. Alisubiri mpaka kidevu kikaganda. Ndipo akaona: changarawe imefukuliwa, nyeupe, kama kitanda kilichotandikwa upya, na juu yake trauti jike mkubwa, ubavu chini, anapiga mkia. Mmoja. Baadaye kidogo, wa pili.

Na Januari, siku ya Ubatizo, Vukoman alisimama kwenye theluji na kata yake. Mama Stamena alifika wa kwanza, na chupa ya kioo safari hii, yenye mhuri wa ofisi. Zagorka hatimaye alikuwa ameletewa boksi zima. Vukoman akaijaza hadi shingoni. Bibi kizee hakuondoka. Aliinusa, akaonja, akaizungusha mdomoni huku foleni yote nyuma yake ikingoja na baridi, na Vukoman ameshikilia kata hewani hapumui.

"Tamu," alisema Mama Stamena. "Anayefuata."